Kanda za Wembley: tathmini ya sanduku la Queen I

Mwishoni mwa mwaka 1971, studio mpya za De Lane Lea zilizokuwa zikikamilishwa huko Wembley, London, zilihitaji bendi ya kuzijaribu. Mafundi walitaka kujua kama sauti ya chumba kimoja ilikuwa ikivuja hadi chumba cha pili, na njia ya kulijua hilo ilikuwa kupata watu wa kupiga ngoma na magitaa kwa nguvu zao zote. Vijana wanne ambao hawakuwa na mkataba wala fedha za kukodi studio walikubali kuifanya kazi hiyo, na ujira wao ukawa ruhusa ya kurekodi nyimbo zao wenyewe. Walitoka na nyimbo tano: "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar". Bendi hiyo ni Queen, na mwimbaji wake, Freddie Mercury, alikuwa na umri wa miaka 25, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyepewa na wazazi wake jina la Farrokh Bulsara.

Kanda hizo sasa zimo ndani ya sanduku la Queen I, lililotolewa tarehe 25 Oktoba 2024. Ndani yake mna CD 6, santuri moja na kitabu cha kurasa 108. Rekodi zote ni 63, na 43 kati ya hizo zimechanganywa upya, yaani sauti za ala na za waimbaji zilizorekodiwa mbalimbali zimepimwa na kuunganishwa upya. Kiini cha sanduku ni albamu ya kwanza ya bendi, ile iliyotoka tarehe 13 Julai 1973 ikiitwa Queen tu bila namba, na kandokando yake yamepangwa mabaki ya utengenezaji wake: kanda za majaribio, marudio yaliyoachwa, vipindi vya redio na maonyesho ya jukwaani. Nimelisikiliza kwa wiki kadhaa, kwa spika na kwa hedifoni, na rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime tangu mwanzo. Diski ya kwanza, ambayo ndiyo iliyotangazwa sana, ni nzuri. Lakini hazina ya sanduku hili imo katika diski ya pili na ya tatu, na mtu asiyefika huko atakuwa amelipia nyumba akaishia barazani.

Ili uzito wa mabaki hayo uonekane, ni lazima ijulikane albamu yenyewe ilitengenezwa vipi. Mwaka 1972 bendi ilichukuliwa na Trident, kampuni ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, waliokuwa na studio katika uchochoro wa St Anne's Court, mtaa wa Soho. Ilikuwa studio ya hali ya juu, ambamo David Bowie na Elton John walirekodi, na kwa sababu hiyohiyo Queen hawakupewa nafasi ila katika saa ambazo wateja wenye kulipa hawakuzihitaji. Walisubiri hadi usiku, wakaingia wakiwa wamechoka, wakatoka alfajiri. Watayarishaji walikuwa John Anthony na Roy Thomas Baker wakishirikiana na bendi. Ngoma za Roger Taylor ziliwekwa katika kibanda kilichozibwa na kubandikwa utepe ili zisivume, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mtindo wa studio ile, na matokeo yake yakawa sauti kavu iliyokatika mara fimbo inapogusa ngozi. Bendi haikuipenda. Brian May, ambaye gitaa lake alilichonga yeye na baba yake kwa mbao za zamani zilizokuwa zimezunguka meko ya kuotea moto, alitaka ngoma na gitaa visikike kana kwamba msikilizaji yumo chumbani pamoja na wapigaji. Hakupata. "Keep Yourself Alive" ulichanganywa mara nyingi bila kumridhisha mtu, mpaka Mike Stone, aliyekuwa fundi wa sauti hapo studio, alipofanya mchanganyiko uliokubaliwa. Na wimbo huo, uliotolewa peke yake siku chache kabla ya albamu, haukuingia kabisa kwenye chati za Uingereza.

Zaidi ya miaka 50, basi, bendi ilibaki na deni kwa albamu yake yenyewe, na diski ya kwanza ya sanduku hili ndiyo malipo yake. Mafundi Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson walizirudia kanda asilia za Trident, wakachambua kila ala, kisha wakaujenga upya mchanganyiko mzima. Hii ni mara ya kwanza kwa albamu ya Queen kuchanganywa upya kwa stereo, na tofauti yake haihitaji sikio la fundi. Ngoma zimepata pumzi. Besi ya John Deacon, ambayo katika toleo la 1973 ilikuwa kama imefunikwa blanketi, sasa inatembea wazi chini ya "Great King Rat", na katika "My Fairy King" piano ya Mercury imetoka nyuma ya pazia ikakaa pale ilipostahili kukaa. Sauti za kuitikia, zile za juu kabisa za Taylor, zinasikika kila moja na mwili wake.

Pamoja na sifa hizo, nina mashaka mawili juu ya diski hiyo. La kwanza ni dogo: katika nyimbo nzito, hasa "Modern Times Rock 'n' Roll" na "Son and Daughter", unadhifu huu mpya umepunguza ule ukali wa vijana wenye haraka, na masikio yangu yanaukumbuka na kuutamani. La pili ni kubwa. Sanduku linalodai kusimulia historia ya albamu halina mchanganyiko wa 1973. Msikilizaji hawezi kuuweka ule wa zamani kando ya huu mpya akahukumu mwenyewe; anatakiwa awe na nakala yake ya kale au aitafute kwingine. Diski sita zilikuwa na nafasi ya kutosha, na sioni sababu inayoweza kutetea uamuzi huo.

Jambo moja katika diski ya kwanza linastahili shukrani bila masharti, nalo ni kurudi kwa "Mad the Swine". Wimbo huu wa Mercury ulirekodiwa uwemo kwenye albamu, ukaondolewa kwa sababu ya kutokubaliana juu ya sauti ya ngoma zake, kisha ukakaa gizani hadi mwaka 1991 ulipojitokeza upande wa pili wa wimbo mwingine wa Queen, "Headlong". Kwa waliozoea kuusikia pale, ulikuwa kama mgeni aliyepotea njia. Sasa umerudishwa wa nne, kati ya "Great King Rat" na "My Fairy King", na ghafla upande wa kwanza wa albamu unaeleweka kwa namna ambayo haukuwahi kueleweka. Kutoka ghadhabu ya "Great King Rat" hadi ndoto ya "My Fairy King" palikuwa na shimo. "Mad the Swine", wenye mwendo wa taratibu na maneno ya dini yaliyojaa upole, ndio daraja lililokosekana.

Diski ya pili ni ya De Lane Lea, na hapa naomba nikae kwa muda.

Nyimbo hizi tano si ngeni kabisa, kwa kuwa zilitolewa mwaka 2011 kama nyongeza ya albamu. Safari hii zimechanganywa upya, na ndipo mtu anapogundua kwamba vijana hawa walikuwa wameshaipata sauti yao kabla ya kukanyaga Trident. Fundi Louie Austin aliwarekodi katika chumba kikubwa, bila kibanda, na ngoma zinavuma kama ngoma. "Keep Yourself Alive" unaanza na gitaa la kawaida lisilo la umeme, likikwaruzwa kwa kasi, kisha gitaa la umeme linaingia juu yake kama mtu anayesukuma mlango. Katika toleo la albamu mwanzo huo haupo. Nimezisikiliza rekodi hizi mbili zikifuatana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nimeishia kuipendelea ya Wembley: ina makosa machache ya wazi, lakini inasonga mbele kwa furaha ambayo usiku wa Soho haukuweza kuirudisha, hata walipojaribu na kujaribu. May mwenyewe ameeleza kwa miaka mingi kwamba aliipenda zaidi hiyo ya majaribio, na wengi tulidhani ni mapenzi ya mzazi kwa kifungua mimba. Kumbe alikuwa akisema kweli.

"Liar" hapa unakaribia dakika 8, mrefu kuliko ule wa albamu kwa zaidi ya dakika nzima. Urefu huo una faida na hasara. Katikati, pale ambapo ala zinapewa nafasi ya kuzunguka, bendi inaonekana haijaamua bado ni lini itoke. Lakini unapofika mwisho unaelewa kwamba kukata kulifanyika baadaye kwa makusudi, na unasikia kitu gani kilikatwa. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la kanda za namna hii. "Jesus" nao ni mrefu zaidi hapa kuliko kwenye albamu, na gitaa la May linapoachiliwa linakwenda mbali kwa ujasiri. Ama "The Night Comes Down", huo una historia yake ya pekee: bendi ilijaribu kuurudia Trident, ikaona hakuna kilichoongezeka, na rekodi ya Wembley ndiyo iliyoingia kwenye albamu ya 1973. Ushahidi ulikuwepo siku zote, ndani ya albamu yenyewe, kwamba siku zile za kujaribu mitambo zilizaa kitu ambacho studio ghali haikuweza kukishinda.

Diski ya tatu inaitwa Sessions, na ndiyo itakayowagawa wasikilizaji. Asiyependa kuona jikoni kabla chakula hakijaiva ataiona ni kelele na kusitasita. Mimi nimeirudia kuliko zote. Humo mna marudio yasiyotumika, nyimbo zinazoanza na kukatika, mazungumzo mafupi kati ya wanamuziki, na zaidi ya yote mna kile ambacho mafundi hukiita sauti ya mwongozo. Bendi inaporekodi ala, mwimbaji huimba pamoja nayo ili wenzake wajue wamefika wapi katika wimbo. Sauti hiyo haikusudiwi kusikika na mtu yeyote wa nje, na baadaye hufutwa, ikawekwa ile iliyoimbwa kwa makini. Kwa hiyo unapousikiliza "Great King Rat" au "Doing All Right" katika diski hii unamsikia Mercury akiwa hana hadhira, hana haja ya kumvutia mtu, anawaongoza tu wenzake watatu kutoka beti hadi kiitikio.

Sauti hiyo ilinishangaza. Sote tumezoea Mercury wa viwanja vikubwa, yule aliyeweza kuwaimbisha maelfu kwa kunyoosha mkono. Huyu wa hapa anatafuta. Mahali fulani anapanda juu na kutetereka. Mahali pengine anaimba kwa sauti nyembamba ya kifua kisichojazwa, kisha ghafla, kwa mstari mmoja au miwili, inatoka ile sauti iliyoshiba tunayoijua, na papo hapo inajificha tena. Katika "Mad the Swine" jambo hili ni wazi kabisa. Mtu aliyezaliwa na kipawa anasikika akikifanyia kazi, na kazi hiyo ni ngumu, ya kurudia na kurudia. Wimbo "Modern Times Rock 'n' Roll", ambao mwimbaji wake ni Taylor, unarudiwa hapa kwa mwendo wa hatari, kila mmoja akimkimbiza mwenziwe. Na kuna rekodi ya "Keep Yourself Alive" ya Trident, mara ya 13, iliyokamilishwa kisha ikawekwa pembeni. Ukiisikiliza unaelewa uchovu wa watu wanaokifukuza kitu walichokwisha kukishika mwaka mmoja nyuma, mahali pengine, bila gharama.

Mwishoni mwa diski hiyo kuna "See What a Fool I've Been", kutoka majaribio ya De Lane Lea. Ni wimbo wa bluzi ambao bendi iliupiga jukwaani miaka hiyo, na hapa upo katika hali mbichi kabisa, wenye sauti ya chumba kitupu ambacho rangi yake haijakauka. Sitadai kwamba ni kazi kubwa. Lakini ndiyo rekodi inayonifanya niione picha yenyewe: chumba kipya, nyaya sakafuni, mafundi nyuma ya kioo wakijali mitambo yao kuliko muziki, na vijana wanne wakipiga kana kwamba dunia nzima inawasikiliza.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wa asili ya Gujarat. Baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa bado mdogo, na huko ndiko alikojifunza piano na kupiga katika bendi ya shule, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London, yeye akiwa na miaka 17. Tangu mwaka 2019 Mji Mkongwe una jumba la makumbusho lenye jina lake pale Shangani, na watalii hupiga picha mlangoni. Sitadai kwamba nimesikia taarabu ndani ya kanda hizi, kwa sababu sikuisikia, na sipendi madai ya namna hiyo yanayotafuta asili kwa nguvu. Ninachosikia ni hesabu ya miaka. Kutoka siku ya kuondoka Unguja hadi kanda za Wembley ni takriban miaka 7 tu. Katika miaka hiyo kijana yule alisomea sanaa ya michoro Ealing, akauza nguo pamoja na Taylor katika soko la Kensington, akaiandama bendi ya Smile ya May na Taylor mpaka akawa mmoja wao, akalibadilisha jina lake, na akajenga sauti. Sehemu ya ujenzi huo ndiyo iliyomo katika diski ya pili na ya tatu, na mahali popote pengine sijawahi kuusikia kwa ukaribu huu. Katika "My Fairy King" anamwita mama yake Mercury, na May amewahi kueleza kwamba jina hilo lilitoka hapo. Kuisikia piano ya wimbo huo ikijengwa hatua kwa hatua, kabla ya sauti za mwisho kuwekwa juu yake, ni kumshuhudia mtu akijipa jina.

Diski ya nne sina mengi ya kuisemea. Ni albamu ileile bila uimbaji. Mpiga gitaa anayetaka kujifunza jinsi May anavyopanga tabaka za gitaa moja juu ya jingine ataipenda, na mwenye nia ya kuimba nyumbani atapata wa kumsindikiza. Kwa msikilizaji wa kawaida ni diski ya kusikilizwa mara moja.

Ya tano, ya vipindi vya BBC, ni bora kuliko wengi wanavyodhani, ingawa sehemu kubwa yake iliwahi kutolewa mwaka 2016 katika mkusanyo wa On Air, na aliyenao hatapata mapya mengi. Kipindi cha kwanza kilirekodiwa tarehe 5 Februari 1973, miezi mitano kabla ya albamu kutoka, wakati bendi ilikuwa bado haijatia saini na EMI, kampuni ya rekodi. Msikilizaji wa redio wa wakati ule aliyasikia haya kabla ya kuwepo kitu chochote cha kununua. "Doing All Right", wimbo ambao May aliutunga na Tim Staffell, mwimbaji wa Smile, siku za bendi hiyo, unapendeza hapa kuliko kwenye albamu, kwa sababu Taylor anapokea sehemu ya uimbaji na sauti yake yenye mkwaruzo inaupa wimbo majonzi ambayo Mercury, kwa ulaini wake, hakuutia.

Diski ya sita ni ya jukwaani, na nyingi ya nyimbo zake zimetoka katika maonyesho ya ukumbi wa Rainbow, London, ya Machi 1974, ambayo nayo yalikwisha kutolewa mwaka 2014. Uzito wa bendi usiku ule hauna shaka. Katikati ya "Son and Daughter" May anabaki peke yake na gitaa lake, anapiga mwangwi wake mwenyewe kwa mashine mpaka gitaa moja linakuwa matatu, na anayeijua albamu ya tatu ya bendi atazitambua mbegu za "Brighton Rock". Lakini aliyekwisha kununua toleo la 2014 ana haki ya kuuliza kwa nini anauziwa tena.

Vilivyokosekana pia vitajwe. Nilitarajia rekodi za Smile, walau wimbo mmoja, kwa kuwa bila Smile hakuna Queen. Hazimo. Nilitarajia "I Can Hear Music", ambao Mercury aliuimba akiwa anasubiri zamu ya studio pale Trident, ukatolewa mwaka 1973 kwa jina la kubuni la Larry Lurex, huku May na Taylor wakiwa nao wameshiriki. Haumo. Ukiziweka pamoja nafasi hizo na ule mchanganyiko wa 1973 usioonekana, na kando yake diski nzima ya ala tupu, utaona kwamba waliochagua walikuwa na nafasi na hawakuitumia vizuri. Inaniuma kusema hivyo juu ya kazi iliyofanywa kwa upendo mkubwa kiasi hiki.

Sanduku lenyewe ni zuri mkononi. Kitabu kina maneno ya nyimbo kwa mwandiko wa mkono, picha na kumbukumbu za miaka ile, na kimechapishwa kwa karatasi nzito. Santuri ina mchanganyiko mpya na "Mad the Swine" mahali pake, na niliposikiliza nyumbani besi ilitulia zaidi kwenye santuri kuliko kwenye CD. Nakala yangu ilifika pembe moja ikiwa imebonyea, kwa uzembe wa kampuni ya usafirishaji niliyoitumia, na ilinichukua barua tatu kupata majibu ambayo hayakunisaidia. Anayeagiza kutoka nje aombe kifungashio cha mbao au cha katoni mbili, kwa maana sanduku ni zito na pembe zake ni laini.

Bei yake ni kubwa, na ukiongeza usafiri na ushuru wa forodha inazidi kuuma. Kwa aliye na matoleo ya 2011, 2014 na 2016, ninashauri asilipe kwa ajili ya sanduku zima. Kuna matoleo madogo, la CD moja na la CD mbili, na rekodi hizi zinapatikana pia katika huduma za muziki za mtandaoni. Aangalie tu orodha ya nyimbo kabla ya kulipa, ahakikishe kwamba alichokitaka kimo, na kama kuna kitu kimoja cha kukitafuta basi kiwe kanda za De Lane Lea. Kwa anayeanza, ambaye anaijua Queen kwa "Bohemian Rhapsody" na nyimbo za viwanjani peke yake, aanze na diski ya kwanza, asikilize mara tatu au nne mpaka nyimbo zimkae, ndipo afungue ya pili. Akianza na mabaki hataelewa ni mabaki ya nini. Kwa anayeimba au kupiga ala, hasa kijana anayejirekodi mwenyewe kwa vifaa vya kuazima, diski ya tatu ina thamani ya sanduku zima.

Nimeacha makusudi rekodi mbili za mwisho za diski ya sita. Zilichukuliwa tarehe 23 Agosti 1970, Imperial College, chuo ambacho May alisomea fizikia, katika onyesho la kwanza la Queen mjini London. John Deacon alikuwa bado hajajiunga. Mercury alibakiza siku 13 kutimiza miaka 24. Sauti ni mbovu: kanda inavuma, maneno mengi hayashikiki, na gitaa limekifunika kila kitu. Wanaupiga "Jesus", kisha "I'm a Man" wa Bo Diddley, mwanamuziki wa Marekani, kwa kasi na kwa fujo, na nyuma ya fujo hiyo kuna mwimbaji anayepiga kelele kwa nguvu kupita uwezo wa kifua chake alichokuwa nacho siku ile. Ukitoka hapo ukairudia diski ya pili, iliyorekodiwa mwaka mmoja tu na miezi kadhaa baadaye, unakuta kifua kimeshapatikana. Kila ninapolifungua sanduku hili sasa, naanzia hapo mwisho, kwenye kanda ile inayovuma, kisha naenda Wembley.